Saa Kumi na Nne Kitini

Mama mkwe wangu ni msusi, na wateja wake wanamwita Mama Wima kwa sababu kukaa kitako hajui. Anasuka kasimama, mteja akiwa kwenye kigoda; anakula kasimama, kaegemea mlango wa jikoni; hata taarifa ya habari anaisikiliza kasimama. Ukimkaribisha kiti, anakushukuru na kukiwekea mkoba wake.

Basi binti yake wa pekee, anayeishi ng'ambo, alimtumia tiketi ili awe naye siku ya kujifungua. Wanawe wawili wa kiume wakatoa simu na kuipima safari. Kilomita zaidi ya elfu kumi na mbili, saa kumi na nne angani bila kutua. Mume wangu, ambaye ndiye mkubwa, aliyasoma hayo kama hakimu anayesoma hukumu. Shemeji akaongeza kwamba mama hawezi kukaa hata nusu saa, sembuse kufungwa mkanda kutwa nzima. Wakaamua, huku wenyewe wamejinyoosha kwenye makochi, kwamba wifi aambiwe arudishe tiketi. Damu ilinichemka. Mimba ya kwanza ya wifi iliharibika huko huko. Alilia kwenye simu, na mama yake akamsikiliza kutoka huku, asiweze hata kumshika mkono.

Mama Wima hakubishana. Kesho yake, saa kumi na moja alfajiri, alivuta kiti hadi ubavuni mwa kabati, akaniomba nisogeze meza mpaka imguse magoti, akajifunga mtandio kiunoni pamoja na mgongo wa kiti. Akaniambia ndege imeondoka.

Masharti aliyaweka mwenyewe: chooni ruksa, chakula kwenye sinia, kusuka marufuku. Wateja waliobisha hodi niliwaambia mama yuko safarini. Mmoja alichungulia dirishani, akamwona, akaondoka amenuna. Kufika mchana vidole vyake vilikuwa vinasuka nyuzi za kitambaa cha meza bila mwenyewe kujua. Alasiri aligombana na kabati, akagombana na mimi, akamgombeza na rubani. Nilipomwambia kwamba inatosha, mbona hakuna anayetuona, alinikata jicho, nikarudi jikoni nimenywea.

Wanawe walifika saa moja jioni. Mama akaufungua mtandio, akajishika mezani, akasimama. Ndala zikakataa kumwingia. Shemeji alicheka, kisha akagundua kuwa anacheka peke yake.

"Miguu imevimba, mama," mume wangu alisema.

"Nitashuka peku."

Mume wangu alichuchumaa, akaushika mguu wa mama yake, akaukanda kidogo kwa kidole gumba. Nimeolewa naye miaka mingi na hasira zake nazijua, lakini hii haikuwa hasira. Kumbe kilomita zote zile alikuwa anazitaja ili asitaje hofu yake.

"Na ukizidiwa huko juu, mama? Ukitufia angani?"

Mama Wima alimwekea mkono kichwani, kama anavyowashika wateja wake asiotaka watikisike.

"Hapo nitakuwa nimekufa nikielekea kwa mwanangu," alisema. "Nikifia hapa, nitakuwa naelekea wapi?"