Wosia Usio na Majina

Mimi ni mshonaji, na hasira zangu ziko karibu, mnisamehe mapema. Kwa miaka mingi cherehani yangu ilitengenezwa na mzee tuliyemwita Fundi, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake. Miaka ya mwisho aliitengeneza binti yake, Bobini. Fundi alimchukua akiwa wa wiki tatu. Mama mzazi, jirani yao, alifariki baada ya kujifungua, na mtoto hakuwa na mtu. Mke wa Fundi akambeba mgongoni, ikaisha. Nani angewaza habari za mahakama na hati ya kuasili wakati mtoto analia anataka maziwa?

Walimwita Bobini, kama kile kigurudumu cha uzi cha ndani ya cherehani, kwa sababu alikuwa mfupi, wa mviringo, na hakai ulipomweka. Kaka zake wawili, wa kuzaliwa, walienda zao kutafuta maisha. Siwalaumu kwa hilo. Lakini mke wa Fundi alipofariki, na macho ya Fundi yalipopofuka, Bobini ndiye aliyemwogesha na kumlisha, kisha akarudi kwenye cherehani za watu. Ukimpelekea inayoruka mishono, haigusi kwanza. Anakuambia ushone, anafumba macho, anasikiliza. Sindano imepinda, atasema, na kweli imepinda. Fundi alikuwa akimsikia kutoka kitandani anatabasamu peke yake.

Sasa huo wosia. Nilikuwepo, niliitwa niwe shahidi. Fundi alisema nyumba na karakana viende kwa watoto wake wote, sawa kwa sawa. Karani wa wakili, kijana wa watu mwenye shati jeupe kuliko nia yangu, akamshauri aandike majina, hasa la binti. Mzee akawaka.

"Nikimtaja yeye, nitakuwa nimesema si mwanangu," alisema. "Andika watoto wangu. Ni watatu, mtaa mzima unajua."

Karani akajaribu tena. Na mimi, mjinga niliyekubuhu, nikacheka, nikamwambia asimchoshe mzee. Nikatia saini. Mpaka leo nikikumbuka kicheko kile najichukia.

Fundi alipofariki, wote watatu walisimama mstari mmoja kupokea pole. Miezi miwili baadaye kaka mkubwa akaenda mahakamani na wakili wake, kudai Bobini hamo kwenye wosia. Nilitoa ushahidi hadi sauti ikanikauka. Hakimu alinisikiliza kwa adabu, akasema ananiamini kila neno. Ila kisheria, alisema, wosia ukisema "watoto" unamaanisha wa kuzaliwa, au walioasiliwa kwa amri ya mahakama. Wa kulelewa, hata apendwe vipi, hahesabiwi mpaka atajwe kwa jina. Atajwe kwa jina! Nikakaa bila kuruhusiwa.

Ukabaki mlango mmoja. Wakili wa msaada wa bure alisema Bobini anaweza kuomba aachiwe karakana kama mtu aliyekuwa akimtegemea marehemu. Fomu ukurasa mmoja, muda siku thelathini. Tuliijaza kwenye meza yangu ya kukatia vitambaa. Jina, umri, kazi, vyote akaandika kwa mwandiko wake mzuri. Tukafika penye uhusiano na marehemu. Pale ilitakiwa aandike kwa mkono wake kwamba yeye si mtoto wa marehemu, alilelewa tu.

Akaweka kalamu chini. Nikambembeleza, nikamgombeza, nikamwambia hayo ni maneno ya karatasi tu, baba yake angeelewa. Nikamwita kichwa kigumu. Hakukasirika.

"Mama, mahakama imesema, sawa, imeshasema," aliniambia. "Lakini mimi siandiki."

Fomu ilibaki mezani kwangu. Kila asubuhi nilimpigia simu, na kila asubuhi alisema atapita. Nilijua hapiti. Kuna siku nilishika kalamu nimwandikie mwenyewe, nikairudisha mezani.

Siku ya thelathini na moja alikuja nyumbani kwa Fundi yule kaka mdogo, ambaye mpaka siku hiyo alikuwa akimwita dada, akiwa na mtu wa kubadilisha vitasa. Alimsaidia Bobini kubeba virago hadi barabarani, akamkumbatia, akalia kweli. Kisha akarudi mlangoni, akajaribu ufunguo mpya mara mbili.