Mlango Uliokwama Siku ya Harusi

Nakumbuka Jumamosi moja ya masika, mwanangu, nikiwa seremala chipukizi pale Shauri Moyo. Nilikuwa na elimu ya darasa la saba na aibu nyingi. Hata kuuliza swali kulinitoa jasho.

Mlango wangu wa kwanza nilimtengenezea jirani yetu, Mama Wanjiru, wakati wa kiangazi. Fundi wangu, Mzee Mutiso, alikuwa ameniagiza niache nafasi ya unene wa ukucha kati ya mbao na fremu. Sikuelewa kwa nini, wala sikuuliza. Niliona pengo ni uzembe, nikaubana mlango ukakaa kama kifuniko cha kopo. Watu wakausifu, nami nikatembea kifua mbele.

Kisha mvua ikanyesha wiki nzima. Asubuhi ya Jumamosi hiyo binti yake, Wanjiru, alikuwa aolewe, naye yumo ndani akivishwa. Mlango ukakataa kufunguka. Wajomba walisukuma, wapi; tukaitwa mimi na Mzee Mutiso. Kanisani watu wanangoja.

"Fundi, kumbe na wewe unadai mahari?" kijana mmoja akanitania.

Mzee Mutiso akaupapasa ubao. "Mbao ina vitundu usivyoviona," akaniambia kwa upole. "Hewa ya mvua huingia humo kama mgeni, nayo mbao hujitanua impokee. Wewe hukuiachia pa kusogea. Sasa?"

Nilijibu kwa sauti ambayo sikujua ninayo. "Kosa ni langu. Mama, msogezeni bibi harusi nyuma."

Nikaugonga ubao mmoja wa kazi yangu mwenyewe hadi ukang'oka kwenye misumari. Mbao zilizobaki zikalegea, mlango ukafunguka. Wanjiru akatoka, ameshika pindo la gauni lake, anacheka.

Jumatatu niliutengeneza upya, na safari hii niliacha nafasi ya ukucha. Masika mengi yamepita, na mlango ule bado husukumwa kwa kidole kimoja. Mama Wanjiru alizoea kuwaambia wageni wake, "Huu ni wa yule aliyeuvunja." Sijawahi kusifiwa vizuri kuliko hivyo.

Mwanangu, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Uliza, hata kama sauti inatetemeka. Ukikosea, livunje kosa kwa mkono wako, mbele ya walioliona. Na nyumbani kwako umwachie mwenzako nafasi ya ukucha, maana naye ana masika yake na kiangazi chake.

Mungu aibariki mikono yako, na mlango wako usimkwamie mgeni.