Mpira Umekwenda

Mume wangu Emil Hudak anaujua mpira kuliko mtu yeyote katika bonde letu la Pennsylvania, na bado mabao mengi huyasikia tu kwa kelele za watu. Mchana ni fundi wa matanuri ya kupasha nyumba joto. Ijumaa jioni, msimu wa mpira ukifika, ni refa mkuu wa mechi za shule, mwenye kofia nyeupe. Na katika mpira wetu huu wa kubeba mikononi, kazi ya kofia nyeupe ni kusimama nyuma ya mrushaji na kumlinda. Mpira ukimtoka mrushaji mkononi, uwanja mzima unaufuata kwa macho. Emil haufuati. Anabaki kumtazama yule aliyeurusha, maana hana tena mpira, hana habari, na mabeki wa upande wa pili, majitu, wanamjia mbio. Hapo Emil huwapigia kelele wale majitu: "Umekwenda, umekwenda!" Yaani mwacheni. Anayemgonga mrushaji baada ya hapo hutupiwa kitambaa cha njano, na timu yake inaadhibiwa.

Wake wengine huogopa waume zao wataanguka darini. Mimi naogopa kitambaa.

Jumapili moja ya Novemba tulikuwa sebuleni tunatazama timu yetu ya ligi kubwa, ile ya wachezaji wa kulipwa. Russ Kovalik, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, alikuwa kwenye kiti cha Emil kama kawaida yake, sahani ya pierogi, vile vitumbua vya unga vya kujazwa viazi, mapajani. Kando yake alikaa mwanawe Brody, kijana wa shule, beki mwenye mabega kama mlango, tuliyemjua tangu akitambaa. Mechi ikiwa ukingoni, mchezaji wetu mmoja alimwangukia mrushaji nyota wa wapinzani. Kitambaa kikatupwa. Tukafungwa.

"Amemgusa tu," Russ alisema. "Amemgusa kama anamfuta vumbi."

"Amemlalia kwa uzito wake wote," Emil akasema.

"Ulitaka aelee hewani? Emil, bwana wee, huyu mrushaji wao akipiga chafya tu wanatupa kitambaa. Wa kwetu juzi kang'olewa kofia kichwani, marefa wote wakawa wanahesabu nyasi."

"Hilo nakubali. Juzi walikosea."

"Hawakukosea, wana upande. Yule ndiye anayewauzia matangazo, wamemfanya yai."

"Russ, refa ana macho mawili tu."

"Macho mawili na bosi mmoja," Russ alisema, na Brody akacheka mpaka akapaliwa. Baba mtu akamgeukia. "Wewe usimsikilize mzee huyu. Mrushaji mgonge hata akishautupa. Adhabu yake ni yadi kumi na tano tu, lakini woga utamkaa mechi nzima."

Emil aliweka sahani chini. "Usimfundishe hivyo mtoto."

"Natania, jirani. Siku hizi hata utani una refa?"

Wiki ile mji wote ulikuwa umevimba. Dukani, redioni, kwa kinyozi, hadithi ilikuwa moja: marefa wametuibia. Ndipo Emil akapigiwa simu achezeshe nusu fainali, shule yetu, ambayo Brody ni beki wake, dhidi ya watoto wa ng'ambo ya mto. Kwa kawaida refa hachezeshi timu ya mji wake. Lakini marefa wameadimika kwetu, kila mwaka wanaacha kwa sababu ya matusi, na wa kuchagua hayupo.

Alhamisi asubuhi nilikwenda kwenye sanduku la barua nikakuta kitambaa cha njano kimefungwa mlangoni mwake, na ndani ya fundo kuna jiwe. Nilitazama barabara huku na huku. Mapazia yote yalikuwa yamefungwa. Aliyekifunga alijua nyumba yetu, alijua ratiba ya Emil, na pengine alikuwa ananitazama wakati ule ule.

"Wapigie uwaambie unaumwa," nilimwambia Emil.

Alilipima jiwe kiganjani. "Nikikosa mimi hakuna mechi, Marlene. Watoto wamejitayarisha."

"Watoto wana mama zao. Wewe una nani? Basi kiache kitambaa chako mfukoni, walau kesho tu."

Aliendelea kupiga viatu vyake rangi. Usiku ule kila gari lililopunguza mwendo nje lilinikuta macho wazi.

Siku ya mechi nilikaa jukwaani nimejifunika kofia ya koti hadi kwenye nyusi. Russ alikuwa safu za mbele yangu, sauti tayari imemkauka. Nyuma yangu mwanamke mmoja alimtukana kofia nyeupe tangu wimbo wa taifa, na mume wake alisema atajua la kumfanya pale kwenye maegesho. Nilimwomba Mungu mechi iishe kitambaa kikiwa mfukoni. Ikafika dakika za mwisho, sare, kitambaa hakijaonekana.

Mrushaji wa ng'ambo ya mto, kijana mwembamba, alirudi nyuma akaurusha mpira juu. Mchezaji mmoja wa shule yetu akaudaka yeye, akakimbia nao uwanja mzima mpaka akavuka mstari wa bao. Nikaruka. Nilikumbatiana na yule yule mwanamke wa matusi, sote tunalia kwa furaha.

Halafu mtu akasema, "Kitambaa."

Kilikuwa kule mwisho mwingine kabisa, mahali ambapo hakuna aliyekuwa anatazama. Kilikuwa kimelala juu ya nyasi. Pembeni yake amelala yule kijana mwembamba, na Emil amepiga magoti karibu na kichwa chake. Aliyemgonga alikuwa wetu, kwa hiyo bao limefutwa.

Nimesikia mizomeo mingi maishani, lakini ule ulinipita mwilini. Vikombe vya kahawa viliruka kuelekea uwanjani. "Tunajua unapoishi, Hudak," mtu alisema, na waliomzunguka wakacheka. Nikamwona Russ anashuka ngazi, shingo nyekundu, anaruka uzio. Nikamfuata. Nilijua anakwenda kumpiga mume wangu, na sikuwa na la kufanya isipokuwa kumng'ang'ania koti.

Tulipofika, Emil alikuwa anasema taratibu, "Usigeuze shingo, mwanangu. Nitazame mimi tu." Kijana alikuwa ametoa macho, midomo imekuwa ya buluu. Brody alikuwa amekaa chini papo hapo nyuma, kofia ameitupa, ameshika ukingo wa suruali ya Emil kama mtoto anayeogopa kuachwa sokoni.

"Simama," Russ alimwambia mwanawe. "Simama, hukufanya kosa lolote. Huyu mzee amekuuza."

Brody hakusimama. "Alisema umekwenda," alisema. "Nilimsikia, baba. Nilimsikia vizuri."

Koti la Russ nikaliachia. Ambulensi ikaingia, wakamwambia kijana achezeshe vidole vya miguu. Tulivitazama vile viatu vyake vya mpira sote pamoja, na sikuona kitu kikitikisika. Walipomchukua, majukwaa bado yalikuwa yanazomea.

Jumamosi, kabla ya chakula cha mchana, hospitali walisema miguu imeamka. Atatembea, ila mpira basi. Emil alilia jikoni, kisha akaenda kulala. Mimi nilipotoka nje nilimkuta Russ amesimama kwenye sanduku letu la barua.

"Kile kitambaa kilikuwa changu, shemeji," alisema. "Nilitaka kumtania. Nilidhani atacheka."

"Siku mbili sikulala, Russ. Nilikuwa naliogopa kila gari."

"Sikujua."

"Mbona ulitia jiwe?"

Methali ya mtoto umleavyo ilinifika mdomoni nikaimeza, maana uso wake ulikuwa umesawijika, hajanyoa.

"Emil yupo?"

"Amelala. Usimwamshe."

Aliitikia kwa kichwa, asiondoke. "Brody hali kitu," alisema. "Leo asubuhi nimemuuliza, kama ulimsikia refa, mbona ukamgonga? Ameniangalia tu." Alitazama nyumba yake ng'ambo ya barabara, dirisha la juu lenye pazia. "Ameniangalia vile, shemeji, mpaka nikatoka nje. Naogopa atanijibu."