Madirisha Manne ya Isdori

Mwanaume mwenye madirisha manne akija kwa fundi mara nne, kila mara na kipimo cha dirisha moja tu, huyo hakufuata mapazia. Hata mtoto angeliona hilo. Kalista aliliona mara ya pili, akaendelea kupiga pasi.

Alikuwa akishona mapazia kwenye kibaraza cha duka la vitambaa karibu na soko la Sumbawanga, mwaka wa kumi na moja sasa tangu mumewe afariki. Binti yake wa pekee, Lydia, yuko chuoni Mbeya. Mji huu upepo wake wa Juni na Julai hauna adabu, unapenya hata kioo kikiwa kimefungwa, kwa hiyo watu hawatundiki mapazia kwa urembo peke yake. Wanataka kitambaa kizito. Halafu, kwa ubahili wao, wanakitundika kwenye springi, ule waya wa kuvutwa wenye kulabu huku na huku, na baada ya mwezi pazia limelegea katikati na dirisha limeota kitambi. Kalista alikuwa mkali kwa jambo hilo. Mteja aking'ang'ania springi kwa kitambaa kizito, alimrudishia kitambaa chake.

Isdori hakung'ang'ania chochote. Alikuwa mgane, mfanyabiashara wa mahindi kutoka Ilemba, bondeni Rukwa, amejenga nyumba mtaa wa Chanji, mpole wa kupitiliza. Mara ya kwanza alileta kipimo alichopima kwa mkono.

"Dirisha la sebuleni ni shibiri saba, Mama Lydia."

"Shibiri za nani, kaka Isdori?"

"Zangu."

"Basi niachie na mkono wenyewe."

Isdori alicheka mpaka akalazimika kukaa. Kalista akamweleza kwamba kioo si kipimo, pazia lazima livuke dirisha pande zote mbili, na bomba la kulitundikia likae juu ya fremu, si usawa wake. Akamwonya pia kwamba madirisha ya nyumba moja hayalingani kamwe, maana mafundi wa matofali hubadilika ujenzi ukiwa katikati. Isdori alisikiliza kama mtu anayesomewa barua kutoka kwao. Wiki iliyofuata akaja na kipimo cha dirisha la pili, safari hii cha futi, kimeandikwa kwenye karatasi. Mara ya tatu alikaa karibu saa nzima, akashika kitambaa hiki na kile, kisha akauliza huku akitazama chini:

"Kama nyumba ingekuwa yako, ungeweka rangi gani?"

"Damu ya mzee," Kalista alisema. "Na shea nyeupe, ile nyepesi ya kupitisha mwanga, kwa ndani."

"Basi weka hiyo."

Jambo hilo Kalista alimweleza mtu mmoja tu. Avelina alikuwa mwenzake wa tangu Kate, walikozaliwa wote na kupata kipaimara siku moja. Mjini walikuwa jumuiya moja ya kanisa, na mume wa Kalista alipofariki, Avelina alilala naye mkekani mpaka arobaini ikaisha. Kwa mtu wa namna hiyo huweki siri.

"Akiniuliza, nitakubali," Kalista alimwambia, mashavu yakimwaka moto kama ya msichana.

Avelina alipiga makofi. "Niachie mimi. Mwanamke hajipeleki. Mimi nitamdokeza."

Ndivyo inavyofanyika, wala Kalista hakuona ajabu. Mwanamke wa umri wake akitaka kuolewa, hafungui kinywa mwenyewe. Neno lake hubebwa na mwingine, na mbebaji akiwa mwema, neno hufika.

Mara ya nne Isdori hakukaa. Alitoa kipimo cha dirisha la chumbani, akashukuru kwa heshima nyingi mno, akaondoka. Kalista aliposimulia, Avelina alimtuliza. "Mpe muda. Watu wa bondeni hawana haraka."

Basi akampa muda, na muda huo akautumia kushona. Alikunja pindo mara mbili, kitu ambacho hamfanyii mteja. Kwenye duka la vifaa vya ujenzi alikataa mabomba membamba, akachagua yale manene yenye pete za rangi ya shaba, akataka kila bomba liwe na vishikio vitatu badala ya viwili ili katikati pasilegee. Muuza duka akamtania, "Mama, hii nyumba ni yako nini?" Kalista alitabasamu njia nzima hadi kwake. Naandika haya kwa uchungu, maana wakati huo yule muuza duka tu ndiye aliyejua machache kuliko yeye.

Jumamosi asubuhi walitundika. Isdori alikuwa ameazima drili, naye alitoboa pale Kalista alipoweka alama kwa penseli. Sebule ilipendeza. Vyumba viwili vidogo vilipendeza. Walipofika chumba kikubwa, Kalista alipanda kwenye stuli, Isdori akamshikia bomba upande wa pili.

"Nilitaka nikushukuru," akasema. "Si kila mwanamke angeifanya kazi hii kwa moyo hivi. Monika atafurahi sana."

"Monika yupi?"

"Monika, mdogo wake Avelina." Akashangaa kuulizwa. "Tangazo letu la ndoa limesomwa kule kwetu Ilemba Jumapili iliyopita. Kesho linasomwa hapa. Avelina alisema unajua."

Kalista alishika ukuta. Isdori akaendelea, naye alimaanisha heshima tupu. "Aliniambia habari ya nadhiri yako. Kwamba uliapa juu ya kaburi la marehemu hutaolewa tena. Nikaona mama huyu ni wa kuheshimiwa, nikimuuliza nitamtia majaribuni. Ndipo Avelina akanitajia mdogo wake."

Kalista alishuka chini polepole. "Sikuweka nadhiri yoyote, kaka Isdori."

Mwanaume yule alikaa kwenye ukingo wa kitanda ambacho godoro lake lilikuwa bado na nailoni. Alijifuta uso kwa kiganja chenye vumbi la saruji. "Mungu wangu," alisema. "Lakini wazee wa Monika wamekwisha pokea posa. Tangazo limesomwa. Nitawaambia nini watu?"

Kalista alisubiri. Hakutaka hotuba. Alitaka neno moja tu, hata lisilo na msaada wowote, la kuonyesha kwamba mtu huyu naye amepoteza kitu. Isdori alitazama dirisha, akatazama bomba lililoshikwa upande mmoja.

"Na hili, utalimalizia?"

Akalimalizia. Alipanda tena kwenye stuli akampa mgongo, akakaza skrubu huku machozi yakimdondokea kwenye blauzi, akapitisha pete moja moja, akanyoosha marinda. Hakuna atakayesema Kalista aliacha dirisha nusu. Akakusanya vifaa vyake akatoka.

Avelina alikuwa uani kwake akipepeta ulezi. Alipomwona Kalista na macho yale, aliweka ungo chini. Hakukana.

"Wewe una cherehani," alisema. "Una Lydia, atakutunza. Monika ana nini? Watoto wawili, na mwanaume aliyekwenda ziwani Wampembe kununua migebuka akaoa huko huko. Monika mwenyewe hajui nilichosema."

"Ungeniomba."

"Ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa! Hiyo ni haki yangu!"

Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu, na ni kweli, ila kinachouma zaidi ni pale kinapokueleza kwa upole kwa nini kilikula. Avelina alimshika mkono. "Kalista, ilikuwa lazima mmoja aumie. Nikajiuliza, kati ya ninyi wawili, yupi atakayenisamehe? Nikaona ni wewe."

Alisema hivyo kama mtu anayekusifia. Kalista alihisi neno hilo likimkata kuliko uongo wenyewe. Wema wake wote wa miaka thelathini, kumbe mwenzake alikuwa akiuona kama mlango usio na komeo. Alinasua mkono wake akaondoka bila kuaga.

Kesho yake, tangazo lilipangwa kusomwa mwishoni mwa misa, na Kalista alikuwa ameamua kutosema kitu, maana Monika hakumkosea. Alikaa benchi la nyuma. Ulipofika wakati wa kutakiana amani, Avelina aliacha nafasi yake mbele, akapita katikati ya watu wote akiwa na tabasamu la mtu aliyekwisha jua jibu, akasimama mbele yake na kunyoosha mkono.

"Amani ya Kristo, ndugu yangu."

Jumuiya nzima ilikuwa inatazama. Kalista alimwangalia usoni, akaiacha mikono yake yote miwili ubavuni.