Alama ya Maji Ukutani

Mama Nyuzi bado anafagia kiwanda kisichofanya kazi. Mashine za kusokota zilishauzwa kama vyuma chakavu, yeye akabaki na ufagio, funguo na ukumbi mtupu. Ukimuuliza anafagia nini atakwambia vumbi. Uongo mtupu. Anafagia nyayo za wageni waliokanyaga pale mara moja tu, na kila asubuhi anaziona palepale.

Wageni hao walitoka nchi ambayo serikali yake na ya hapa zilikuwa ndiyo kwanza zinapeana mikono baada ya kununiana miaka. Walikuja kuamua kama waweke mtaji wao kiwandani. Meneja aliwasihi wafanyakazi wasimtie aibu. Mama Nyuzi hakuhitaji kusihiwa, alilelewa kwamba mgeni hapokelewi kwa habari mbaya. Tena mwanawe wa pekee alishaahidiwa kazi kwenye mashine mpya. Wageni wakikataa, kijana ataondoka, na yeye alilijua hilo vizuri.

Mkuu wa wageni, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, alisimama mbele yake. Kupitia kwa mkalimani akauliza kama mvua ikinyesha maji huingia ndani.

"Hapana, mama. Hapa hakuna shida yoyote," alijibu Mama Nyuzi, uso umemkunjuka.

Nyuma yake ukutani, kimo cha goti, palikuwa na mstari wa kahawia ulioachwa na mafuriko. Mgeni aliutazama, akamtazama yeye, akatabasamu. Meneja akashusha pumzi, akidhani mambo yameiva.

Mtaji ulikwenda nchi nyingine. Baadaye mkalimani alimvuta Mama Nyuzi pembeni, akamweleza kwamba maji hayakuwatisha wale watu, mtaro ungechimbwa yakaisha. Kwao, anayekuonyesha ubovu wa nyumba yake ndiye wa kushirikiana naye. Na kwa kuwa nchi hizi mbili zilikuwa bado zinatazamana kwa jicho la pembeni, walimtafuta walau mtu mmoja wa kuwaambia jambo baya. Walimuuliza kila mtu, na kila mtu alikuwa na adabu.

Adabu gani hiyo, jamani, inayomfukuza mtoto nyumbani? Kijana alifunga begi, akaenda kutafuta maisha kulekule kwa wale wageni.

Juzi alipiga simu. Mvua ilikuwa imenyesha, na mama alikuwa ukumbini akisukuma maji nje kwa ufagio. Sauti ya kijana ilikuwa imekauka. Mama akamuuliza kama ana kazi, kama anakula, kama ana pa kulala.

"Huku hakuna shida yoyote, mama."

Aliyajua maneno yale, na hata uso uliokunjuliwa kuyasema aliujua bila kuuona. Kijana akaharakisha kuuliza habari za nyumbani, kama mvua zimeanza. Mama akautazama ule mstari ukutani, akaogopa, kisha akasema.

"Zimeanza, mwanangu. Na maji yameingia. Nimesimama ndani yake."

Halafu, kutoka mbali kule, akamsikia mwanawe analia.