Kanzu Nne Juu ya Barafu

Hapa Mocímboa da Praia, pwani ya kaskazini ya Msumbiji, tunaye mtu ambaye tangu azaliwe hajamwambia mwenzake hapana. Anaitwa Jamaldine. Ukimwomba baiskeli aliyokwisha kumwazima mwingine, atakwambia "inshallah", nawe utakaa kibarazani ukiingoja mpaka miguu ife ganzi. Mama yake mdogo, Chamima, ndiye aliyemlea, akamsomesha informática, elimu ya kompyuta, kule Nampula kwa samaki anaowapeleka kuuza Mueda, bara. Ndiye aliyemfunza hivyo pia: mgeni harudishwi, na ombi halikataliwi usoni. Alimfunza vizuri mno. Mimi ni jirani yao, na nasema haya kwa hasira, kwa sababu harufu ya yaliyotokea ilikaa nyumbani kwangu juma zima.

Tuliporudi kutoka Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, baada ya ile miaka ya vita, ulikuja mradi mmoja ukafufua kiwanda cha barafu karibu na soko la samaki. Jamaldine akapata kazi ya kutengeneza programu ya kuagizia. Ile ya mwanzo ilikuwa ndogo na nzuri, haki yake nimpe. Mchuuzi anatuma ujumbe kwa simu, programu inatazama kama barafu ipo, kisha inampa amri Aiuba, mkata barafu, apakie. Basi. Wachuuzi walifurahi, na Chamima hakupita kwenye kibaraza hata kimoja bila kumtaja mwanawe.

Lakini kijana hakwenda Nampula kusomea vitu vidogo. Alitujia barazani na kompyuta yake, akaanza kutueleza bila kuulizwa. Programu yake, alisema, imejengwa juu ya kiunzi, yaani programu kubwa inayoibeba ile yako, na kwenye kiunzi mambo yamegeuzwa: si wewe unayekiita, chenyewe ndicho kinachokuita.

"Mchukulieni mpishi wa harusi," alisema. "Hatafuti kuni wala mchele. Mwenye shughuli anamletea kila kitu, naye anapika anapoambiwa pika. Sasa, kati ya jikoni na wageni, mwenye shughuli anaweza kuweka mtu wa kuonja, mtu wa kuhesabu sahani, mtu wa kunyunyiza marashi. Mpishi hajui, mgeni hajui, na chungu hakiguswi."

Yule anayesimama mlangoni na kushika kila kinachopita alimwita interceptor. Yule anayeivisha huduma vazi jipya juu ya lile la zamani alimwita decorador. Kwangu mimi zote hizo ni kanzu.

"Na pilau inawafikia watu?" aliuliza Adamo, fundi cherehani.

"Inshallah," akasema Jamaldine, na sote tukacheka. Laiti tungejua, tungelia.

Kanzu ya kwanza ilitakwa na Dona Hortênsia, mkuu wa utawala pale kiwandani, mama aliyeletwa kutoka mbali na mihuri yake yote. Aliona ni aibu barafu itoke kiwandani bila mtu mkubwa kuiruhusu. "Nada sai sem autorização," alisema, hakitoki kitu bila idhini. Jamaldine angeweza kumweleza kwamba barafu si pasipoti, ikikaa kusubiri sahihi inakuwa maji. Alisema "sim, senhora", ndiyo mama, akaweka interceptor. Tangu hapo kila ombi lilisimama mlangoni likisubiri kidole cha Dona Hortênsia. Akiwa safarini, lilikataliwa papo hapo.

Kanzu ya pili aliishona Jamaldine mwenyewe, na hiyo ndiyo iliyotumaliza. Mara ya kwanza mchuuzi kuletewa ujumbe wa "pedido recusado", ombi limekataliwa, kijana alikosa raha. Aliona kama mashine yake imemtemea mgeni mate. Akatengeneza decorador, akaiita Adabu. Kazi yake ni kudaka kila jibu la kukataa kabla halijatoka nje, kuliosha uso na kulivika maneno mazuri: "Assalam aleikum. Ombi lako limepokelewa. Barafu inakuja, inshallah." Barazani alituonyesha yale maneno mazuri tu, akitabasamu kama bwana harusi.

Kisha akaja Diretor Sérgio, mkurugenzi wa kiwanda, mtu wa Maputo, akataka kila jibu liandikwe ili apate ripoti. Jamaldine akavisha kanzu ya tatu, na kwa kuwa haruhusu kitu cha ndani kiguswe, akaivisha juu ya Adabu. Kwa hiyo ripoti ya Diretor ilisikia kile tu ambacho Adabu ilisema, na Adabu haijawahi kusema baya. Ya nne ilikuwa ya wageni wanaoufadhili mradi, waliotaka kupima wateja wanajibiwa upesi kiasi gani. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeuliza wanajibiwa nini.

Mwezi uliopita Dona Hortênsia alikwenda Pemba kwenye semina. Semina yenyewe ilikuwa ya kumhudumia mteja vizuri, sitanii.

Asubuhi aliyoondoka, ngalawa zilileta nguru kwa wingi ambao hatujauona tangu turudi. Chamima alijikakamua na kununua kila alichoweza. Mtaji wake wote wa kuanza maisha upya uliingia kwenye mabeseni yale. Gari la Mueda lingepita alasiri. Akatuma ujumbe kuomba barafu, na hata kabla hajashusha simu, jibu lilikuwa limeshafika, na salamu zake na inshallah yake. Akatandaza magunia mabichi juu ya samaki, akakaa kitako kungoja.

Jua likapanda. Mimi nikamwambia, "Chamima, kiwanda kile pale. Si ukachungulie?"

"Nikafanye nini? Kijana kashanijibu."

"Ukamkumbushe."

"Mtu kakwambia inakuja, wewe unamfuata ofisini mbele ya wakubwa zake, si kumuumbua huko?" Alinitazama kama mimi ndiye niliyekosa malezi. "Mwanangu hanidanganyi. Atakuwa ameelemewa na kazi."

Na mimi ni mtoto wa hapa, nilijua ana haki. Aliyekwambia ndiyo humwendei mara ya pili, unamngoja. Wachuuzi wote walikuwa wamekaa vivyo hivyo, kila mmoja na mabeseni yake na jibu lake zuri kwenye simu, na nzi wanakusanyika. Alasiri gari la Mueda likasimama. Dereva akafunua gunia moja la Chamima, akalirudisha upesi, akapanda garini, akaondoka. Chamima alilifukuzia lile gari hatua chache huku ameshika ushungi wake, kisha akasimama katikati ya barabara.

Kule kiwandani, barafu ilikuwa imejaa mpaka darini. Aiuba alikuwa amekalia kreti tangu asubuhi akipiga miayo. Hatimaye, jua likikaribia kuzama, akaingia ofisini kwa Jamaldine. "Leo watu hawana samaki?" akauliza.

Jamaldine akatazama kioo cha kompyuta. Kila kitu kijani, kila mtu kajibiwa, upesi kuliko siku yoyote, na kwa heshima. Akaingiwa na wasiwasi, akaanza kuzivua zile kanzu moja baada ya nyingine, ya wageni, ya Diretor, ya kwake mwenyewe, mpaka akafika chini kabisa. Huko ombi la kila mchuuzi lilikuwa limekataliwa. Dona Hortênsia hayupo, mlango umefungwa, na juu ya mlango uliofungwa Adabu imesimama ikiwakaribisha watu. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Alikimbilia kwa Diretor Sérgio, akamweleza mpaka sauti ikamkauka. Diretor akageuza kompyuta yake ili kijana aone vizuri.

"Mas está tudo verde," alisema, mbona yote ni kijani. "Hii ndiyo siku yetu bora tangu mradi uanze."

Akaituma ile ripoti kwa wageni mbele ya macho ya Jamaldine. Nimeambiwa wamejibu kwa pongezi, na kwamba wanataka mfumo huo upelekwe na wilaya nyingine. Mungu azihifadhi wilaya nyingine.

Kesho yake asubuhi Jamaldine alifika kwa Chamima amevaa shati lake la ofisini lililopigwa pasi. Nilikuwa uani kwangu, na sikujisumbua hata kujifanya sisikilizi. Alianza kwa shikamoo, akauliza kuhusu afya, kuhusu usingizi, kuhusu jamaa wa Quionga. Chamima alikuwa amekaa kwenye kibao kati ya mabeseni, kanga imeziba pua yake.

"Barafu ilikuwapo?" akamkatiza.

"Mama, kuna interceptor moja ambayo..."

"Nakuuliza barafu ilikuwapo?"

"Ilikuwapo."

"Na ombi langu mlilikataa."

"Lilikataliwa, mama. Lakini sikutaka ulipate jibu baya. Nilitaka upewe jibu la heshima."

Chamima akaishusha kanga puani. Mimi nilikuwa nimejiandaa kucheka, nilikuwa na maneno yangu tayari ya kumpasha yule kijana, na yote yakaniishia kinywani. Chamima hakupaza sauti.

"Ndani nina gunia zima la chumvi," alisema. "Ungeniambia hapana, ningewapasua palepale, ningewatia chumvi, ningewaanika. Leo ningekuwa na nguru wakavu."

Nilimwonea Chamima huruma sana. Jamaldine nilimwonea kidogo tu.

Chamima akainuka, akaingia ndani, akarudi na jembe, akampa. Kijana akaenda nyuma ya nyumba, akachimba na shati lake hivyo hivyo, jasho likamtoka mgongoni. Baadaye aliuliza kama shimo linatosha. Chamima alitazama ndani ya shimo, akayatazama mabeseni, akamwambia aendelee kuchimba, samaki ni wengi.