Mzigo wa Kurudi

Wenye malori walikuwa kama paka na panya, mpaka walipochoka kurudisha magari matupu. Wakakubaliana kugawana mizigo, na kazi ya kupanga wakampa mwanamke mmoja ambaye madereva walimwita Mama Mizigo. Daraja likikatika au mteja akighairi, alipangua safari zote na kuzipanga upya kabla chai yake haijapoa.

Mumewe naye alikuwa dereva. Ili watu wasije wakasema anampendelea, kila mumewe alipokaribia nyumbani alimpa mzigo wa mbali, na mizigo ya karibu akawapa waume wa watu.

"Mke wangu, hata mimi nina kwangu," mume alilalamika.

"Vumilia, baba. Haki kwanza."

Mwishowe mume akaacha kulalamika, na Mama Mizigo, mjinga huyu, akadhani ameeleweka.

Juzi mvua ilifunga barabara kuu, mipango yote ikavurugika. Katika kupanga upya ukapatikana mzigo wa magodoro, wa kupelekwa kwenye duka linalotazamana na nyumba yao. Kwa mara ya kwanza akasema liwalo na liwe, akamwekea mumewe. Alimpigia simu huku akicheka.

"Nilitaka kukupigia mimi," mume alisema kwa upole. Nyuma yake sauti ya kike iliuliza kama chakula kipakuliwe. "Usinitafutie tena mzigo wa kurudi."

Simu ya pili ikaita. Ni dereva mwingine mwenye lori tupu, katika mji uleule aliko mumewe. Akampa magodoro, akamwelekeza kona kwa kona, si mpaka dukani tu, bali mpaka mlangoni kwake mwenyewe.